Sufuria ya Nyuma

Saa tisa alasiri ndiyo saa ya akina Macaspac kula. Wateja wa mchana wamekwisha kuondoka, wa jioni hawajatoka kazini. Herminia hugeuza kibao cha mlangoni, lakini mlango wenyewe haufungi, kwa sababu katika miaka kumi na mmoja hajawahi kumfungia mtu mlango huku yeye anakula. Meza yao iko nyuma kabisa, karibu na jiko. Mumewe, Crisanto, huleta wali, samaki wakavu waliokaangwa mpaka wakawa wepesi kama makaratasi, bakuli la siki yenye pilipili, na ile sufuria ya nyuma. Binti yao, Jovelyn, akirudi kutoka chuoni hunawa, hupandisha mikono ya sweta, na wote watatu hula kwa vidole.

Sufuria ya nyuma haikai kwenye kabati la kioo la mbele. Kule mbele mteja husimama na kunyoosha kidole: hiki, na hiki, na kidogo cha kile. Kuna tambi, kuku wa siki, mishikaki yenye sukari, na lumpia, zile sambusa za Kifilipino, zilizokunjwa nyembamba kama kalamu. Hivyo ni vya kila mtu. Cha nyuma ni cha wenyewe. Wauguzi waliotoka zamu na mafundi wa kiwanda cha nguo huinama juu ya kioo na kumwuliza Herminia kwa sauti ya chini, wakimwita dada mkubwa kwa lugha ya kwao, "Ate Minya, leo cha nyuma ni nini?" kana kwamba wanaulizia hali ya mgonjwa.

Siku hiyo ilikuwa dinuguan, nyama ya nguruwe iliyopikwa kwa damu yake na siki mpaka ikawa nyeusi na kung'aa. Crisanto ni mtu wa Pampanga, jimbo la Ufilipino linalosifika kwa wapishi wake, na mtu wa Pampanga unaweza kumtania kwa nyumba yake, kwa gari lake, hata kwa upara wake, lakini chungu chake ukiache. Kila Mzungu alipoona sahani ya muuguzi na kuuliza kile cheusi ni kitu gani, Herminia alitabasamu na kusema, "Nyama ya chokoleti." Ndivyo watu wengi wa kwao walivyojibu. Jovelyn mwenyewe alijibu hivyo alipokuwa darasa la tatu, kifuniko cha kibweta chake cha chakula kikiwa mkononi, na wasichana wawili wakahamia meza nyingine hata hivyo.

Mlango ulifunguka, na baridi ikaingia kabla ya mtu. Alikuwa mleta barua.

"Karibu tule," alisema Herminia bila kuinua kichwa.

"Nimeshiba, Ate," alijibu mleta barua.

Ilimchukua miezi miwili kujifunza jibu hilo. Mara ya kwanza alitafuta kiti kwa macho, na chumba kizima kikanyamaza. Anayekula sharti akaribishe, anayekaribishwa sharti ashukuru na kusema ameshiba, hata kama tumbo linamnguruma. Kila mtu anajua, na hakuna anayedanganywa.

Alimpa Jovelyn bahasha moja na kurudi kwenye theluji. Jovelyn alifuta vidole, akasoma, akasoma tena.

"Soma kwa sauti," alisema Crisanto.

"Imetoka kwa mwenye nyumba, Bwana Reimer, Tatay," alimjibu baba yake. "Anasema mpangaji wa juu amelalamikia harufu ndani ya jengo. Anasema mkataba wetu unakwisha mwisho wa Februari. Atakuja mwenyewe tarehe ishirini na saba. Akikuta harufu bado ipo, hatauongeza."

"Harufu gani?"

"Ameandika 'harufu ya chakula cha kigeni'."

"Kigeni kwa nani? Mimi nakijua tangu nizaliwe."

"Santo," alisema Herminia.

"Ni ile feni ya moshi. Imekufa miaka miwili. Jovy si alimwandikia?"

"Nilimwandikia," alisema Jovelyn, akiutazama wali.

Alikuwa amemwandikia kweli. Aliikumbuka barua ile mstari kwa mstari. Walimu wake chuoni waliyasifu maandishi yake, lakini kwa mwenye nyumba aliandika kama mtu anayenyata ndani ya chumba cha mgonjwa: ukurasa mzima wa shukrani kwa wema wake, kwa paa, kwa kusafishiwa theluji njiani, kisha chini kabisa, baada ya "samahani kwa usumbufu", nusu mstari juu ya feni, iwapo atapata nafasi. Hakupata nafasi. Na wao waliona haya kumkumbusha.

Herminia aliifunika sufuria. "Kuanzia kesho, hakuna samaki mkavu. Hakuna uduvi wa kuchacha. Hakuna damu. Mwezi mmoja tu."

"Na baada ya mwezi?"

Herminia aliokota mifupa ya samaki mmoja mmoja, akaifunga ndani ya mifuko miwili ya plastiki, mmoja juu ya mwingine, kama mtu anayeficha jambo alilolitenda.

Harufu ikaondoka, na pamoja nayo kitu kingine ambacho hakuna aliyekuwa na jina lake. Herminia alinunua mishumaa yenye manukato ya vanila na kuipanga dirishani. Mchuzi wa ukwaju, ambao zamani ulimfanya mtu afumbe jicho moja, sasa ulinyweka kama chai. Kila kitu kiliongezwa sukari.

"Ate Minya," alisema Perlita, muuguzi mnene mwenye mdomo, akiuonja mchuzi huku amesimama, "ukwaju umekwenda likizo?"

"Kunywa tu, Perlita."

"Nakunywa. Ila chakula cha namna hii huwa nawagawia wagonjwa bure. Sikujua kinauzwa."

Wenzake walicheka. Jikoni, Crisanto alisikia na hakugeuka. Kwa kawaida angetoka na mwiko mkononi, akamwambia Perlita kwamba ulimi wake ungefaa kukatakatwa na kutiwa vitunguu. Siku zile alikuwa akipika ameuelekea ukuta.

Jumamosi moja walikuja vijana wawili wa kizungu, mume na mke, wenye mashavu mekundu kwa baridi. Walikuwa wamesoma mahali fulani kwamba migahawa ya Kifilipino ya mtaa huu ndiyo habari ya mjini sasa. Walizunguka kabati la kioo kama watu walio kwenye jumba la makumbusho.

"Tunataka kile mnachokula wenyewe," alisema mwanamke, kwa upole kabisa. "Kile halisi."

Herminia aliwatilia tambi.

Walikula, wakamaliza, wakashukuru. "Ni nzuri," alisema mwanamume kwenye mlango, na ilikuwa ile nzuri ambayo mtu humwambia mtoto aliyemchorea picha. Crisanto alisimama nyuma ya pazia la jikoni, taulo begani, mpaka mlango ulipofungwa.

"Walikuja wenyewe," alimwambia mkewe. "Umesikia? Waliomba kwa vinywa vyao."

"Nimesikia."

"Ukawapa tambi."

"Santo, tukifukuzwa hapa tutakwenda wapi? Utapika kwenye gari?"

"Huko angalau nitapika."

Saa tisa walikula mkate wenye mayai. Jovelyn alitia chumvi mara mbili, akaona bado haijakolea. Usiku ule alifungua kompyuta kuandika barua nyingine kwa Bwana Reimer. Alianza na shukrani. Alipofika mstari wa sita bado alikuwa akishukuru. Akaizima.

Jumanne ya wiki ya tatu, baridi ilishuka mpaka nyuzi ishirini na saba chini ya sifuri, baridi inayogandisha unyevu wa puani mtu anapovuta pumzi. Ilipofika saa tisa, Herminia aliandaa meza na kumwita mumewe. Jikoni hakukuwa na mtu. Jovelyn ndiye aliyefungua mlango wa nyuma.

Baba yake alikuwa uani, kati ya mapipa ya taka, amevaa koti kubwa juu ya aproni, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Alikuwa ameligeuza kreti la maziwa, akaweka juu yake jiko dogo la gesi wanalokwenda nalo ziwani wakati wa kiangazi, na juu ya jiko kikaango. Alikuwa akikaanga samaki wakavu. Theluji ilidondokea ndani ya mafuta, na kila chembe ilifanya tsss.

"Santo," alisema Herminia, "unafanya nini?"

"Nakaanga."

"Utakufa."

"Nife nimekula."

"Watu watakuona."

"Nimetii barua. Barua inasema ndani. Hapa ni nje." Mdomo wake ulikuwa mzito kwa baridi, na maneno yalitoka yamevimba. "Jovy, shika sahani."

Jovelyn alishika sahani. Hapo ndipo Herminia alipotazama juu, akaona pazia la dirisha la ghorofa ya pili limesogezwa kando, na uso wa kizee, mweupe, umewakazia macho. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliona alichokiona yule mama: mwanamume wa miaka hamsini na nane, aliyewahi kupikia harusi za watu mia nne, amechuchumaa kati ya mapipa ya taka akigeuza samaki kwa vidole vilivyokufa ganzi.

"Ingieni," alisema. "Ingieni wote wawili, haraka."

Na kwa kuwa dhambi ilikwisha kutendeka, waliketi wakala. Crisanto alifungua friza, akatoa kopo kubwa la aiskrimu, na binti yake alijua kabla halijafunguliwa kwamba ndani hamna aiskrimu. Hakuna nyumba ya Kifilipino ambayo kopo la aiskrimu lina aiskrimu. Alikuwa ameificha dinuguan ile ya mwisho. Aliipasha moto mpaka ikang'aa, akaiweka katikati ya meza, na vinywa vyao vikakumbuka.

Mlango wa mbele ulifunguka.

Alikuwa yule mama wa juu, Bibi Olha Hnatiuk, mjane wa miaka themanini na kitu, amevaa koti juu ya gauni la nyumbani na buti zisizofungwa kamba. Katika miaka yote hiyo walikuwa wamesalimiana ngazini tu. Alisimama akihema, akawatazama: samaki, sufuria, vidole.

Herminia alipatwa na hofu kubwa kiasi kwamba ulimi wake ulijiendea wenyewe mahali ulipozoea.

"Karibu tule," alisema.

"Asante," alisema Bibi Olha. Akavuta kiti, akaketi.

Wote watatu walitazamana. Hakuna aliyewafundisha mtu hufanya nini mgeni akikubali. Jovelyn aliinuka, akaleta sahani, kijiko na uma, akaviweka mbele ya bibi kama mtu anayeandaa altare.

"Hii nyeusi ni nini?" aliuliza Bibi Olha.

"Nyama ya chokoleti," alisema Herminia, na lile tabasamu la wateja likamjia usoni.

Bibi Olha alichota kijiko kimoja. Alitafuna taratibu, macho yakitazama ukuta. Akameza.

"Mama," alisema, "nyumbani kwetu tulichinja nguruwe kila Desemba. Mimi ndiye niliyekuwa nashika beseni. Hii ni damu."

Uso wa Herminia uliwaka mpaka masikioni. "Samahani, bibi," alisema.

"Samahani ya nini? Mama yangu alitia nafaka na kujaza ndani ya utumbo. Yenu ina siki. Siki imezidi kidogo."

"Haijazidi," alisema Crisanto.

"Santo."

"Haijazidi, bibi. Kula tena na wali, utaona."

Bibi Olha alikula tena, na wali. "Imezidi," alisema, akachota kijiko cha tatu. Crisanto alicheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu barua ije, na kilimtoka vibaya, kama mlango uliokaa sana bila kufunguliwa.

"Sasa niambieni," alisema bibi. "Kwa nini mwanamume huyu anapika nje kama askari?"

Herminia alimpiga mumewe teke chini ya meza. Crisanto alisogeza mguu. "Kwa sababu yako," alisema. "Ulilalamikia harufu."

"Nililalamika, ndiyo." Aliweka kijiko chini. "Nguo zangu zote zinanuka samaki. Kanisani mwanamke mmoja aliniuliza kama nimefuga paka. Niliandika mara tatu. Lakini niliandika juu ya feni. Feni yenu imekufa, moshi unapanda na bomba mpaka kwenye kabati langu. Nilimwambia Reimer atengeneze feni. Nakala ninazo. Hakuna mahali nilipomwambia mpike kwenye theluji." Akawatazama mmoja mmoja. "Na ninyi? Hamkumwandikia?"

Macho yote yalimgeukia Jovelyn.

"Nilimwandikia, bibi."

"Ukasema nini?"

Jovelyn alikunja vidole mapajani. "Nilimshukuru."

"Ulimshukuru kwa feni mbovu?"

Bibi Olha alisukuma sahani yake mbele. "Mwongezee baba yako wali," alisema. "Na mimi."

Tarehe ishirini na saba, tangu asubuhi, Crisanto alipika kama mtu anayerudishiwa mikono yake. Ukwaju ulikuwa ukwaju. Uduvi uliungwa kwa vitunguu saumu, na saa nne watu waliokuwa wakisubiri basi ng'ambo ya barabara walianza kugeuza vichwa. Kisha akatoka jikoni, sufuria ya nyuma imeshikwa kwa mikono miwili, akatoa tambi kwenye kabati la kioo, akaiweka pale zilipokuwa tambi, katikati.

Herminia hakumzuia. Lakini dakika chache baadaye alichukua kikadi, akaandika juu yake "Nyama ya chokoleti", akakisimamisha mbele ya sufuria.

"Minya," alisema Crisanto.

"Hatua moja moja," alisema yeye, bila kumtazama.

Saa tisa, kibao hakikugeuzwa. Perlita alikuwapo kwenye foleni na wenzake wanne, kwa sababu habari za mtaa huu hutembea upesi kuliko basi. Bibi Olha alikuwa kwenye meza ya nyuma, na kijiko chake mwenyewe alichoshuka nacho, maana vya mgahawa alisema ni vyembamba. Bwana Reimer aliingia akivua glavu, mtu mrefu mwenye miwani iliyopata ukungu mara moja. Akasimama akisubiri aone. Akavuta pumzi.

"Naona bado mnapika," alisema.

"Ni mgahawa," alisema Perlita kutoka kwenye foleni.

Jovelyn alitoka nyuma ya kioo. Alimpa karatasi. Bwana Reimer alifuta miwani, akasoma, akaigeuza nyuma kutafuta iliyobaki.

"Ni hii tu?"

"Ni hiyo tu," alisema Jovelyn.

Ilikuwa na sentensi mbili. Feni ya moshi ni mbovu tangu miaka miwili iliyopita, na kuitengeneza ni wajibu wako kwa mkataba tuliosaini. Tunaomba itengenezwe, na mkataba uongezwe. Hakukuwa na asante, wala samahani. Alikuwa ameamka alfajiri kuzifuta.

"Pengine kulikuwa na kutoelewana," alisema Bwana Reimer. "Mpangaji wa juu mwenyewe aliandika..."

"Mpangaji wa juu ni mimi," alisema Bibi Olha, akiinua kijiko. "Feni. F, e, n, i. Barua tatu. Unataka nikusomee, au utakwenda kuzitafuta pale ulipozitupa?"

Mtu fulani kwenye foleni alikohoa ili asicheke. Bwana Reimer aliutazama uso wa bibi, sahani yake iliyofutwa ikawa safi, kisha ile foleni ya wanawake waliotoka zamu ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyezoea kwamba watu hawa watanyamaza. Alisema fundi atakuja Jumatatu. Kisha akafungua mkoba, akatoa mkataba, na kwa kuwa hakukuwa na mahali pengine, akausaini juu ya kabati la kioo, vyakula vikifuka mvuke chini ya mkono wake. Crisanto alifuta vidole kwenye aproni, akasaini chini yake, taratibu, herufi zote.

Ingeishia hapo. Lakini Bwana Reimer hakuwa amekula mchana, na mvuke ulikuwa ukimpanda usoni. Alikuwa ameshika glavu moja tayari aliposita, na kidole chake, kama kidole cha mtu yeyote anayesimama mbele ya kabati lile, kikanyooka.

"Hii nyeusi," alisema, akiinama kusoma kikadi. "Chokoleti?"

Jovelyn alimtazama mama yake. Bibi Olha aliacha kutafuna. Crisanto peke yake hakutazama. Alianza kupanga upya vijiko vilivyokwisha kupangwa.

Herminia aliitazama mikono ya mumewe. Kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia ngozi ilikuwa bado nyeusi na kubambuka, pale baridi ya uani ilipoviunguza. Akanyoosha mkono, akakichukua kile kikadi, akakitia mfukoni mwa aproni.

"Hapana," alisema. "Ni damu. Damu ya nguruwe, na siki, na pilipili. Ndicho tunachokula wenyewe. Kimepikwa na huyu mume wangu, na katika mji huu mzima hakuna anayekipika kumshinda. Sijawahi kumwambia. Nakwambia wewe, ili naye asikie."

Akachukua sahani, akatia wali, akachota kutoka chini ya sufuria ambako nyama ni nyingi, akaiweka juu ya kioo mbele ya Bwana Reimer.

"Karibu tule," alisema. "Na leo usiniambie umeshiba."